Esansi ya Mjomba Yaenda Wapi?



Mjomba wangu ana Toyota Corolla iliyotengenezwa mwaka 1993. Usukani wake uko kuume, kama nyingi zilizotoka Japani kupitia Dar es Salaam, ijapokuwa sisi Burundi twapita upande wa kuume wa barabara. Kaka yangu ndiye dereva. Huchukua abiria na mizigo kati ya Gitega na Muyinga, na pato hilo ndilo linilipialo karo.

Mnakumbuka jinsi esansi ilivyoadimika mwaka 2024, motokaa zikilala foleni vituoni na ya magendo ikiuzwa kwa chupa. Basi mjomba alipoona motokaa iliyokuwa ikienda kilometa 13 kwa lita moja sasa yaenda 9 tu, hakufikiri habari ya injini. Alifikiri habari ya chupa. Hakumwita kaka mwizi mbele ya watu. Alichukua ufunguo tu, akasema atatafuta dereva mwingine. Mama hakulala usiku ule. Nikamwambia, “Mjomba, tafadhali, nipe wiki moja, nami nitakuonyesha kwa hesabu esansi yako inakokwenda.” Alicheka, lakini alinipa.

Jambo la kwanza ni kupima, wala si kufungua boliti. Tulijaza tangi mpaka shingoni, tukaenda upande wa Karuzi na kurudi, tukajaza tena katika pampu ile ile. Mita ya motokaa ilionyesha kilometa 100, na tangi likapokea lita 11.1. Mjomba mwenyewe alikaa kiti cha mbele muda wote, kwa hiyo chupa haikuwa na nafasi. Hapo kaka alikuwa amekwisha kutoka hatiani kwa sehemu kubwa, ila hakuna aliyesema neno.

Lakini simu yenye ramani ilionyesha kwamba tumekwenda kilometa 107. Kwa nini? Tazama tairi. Kibandiko kilichomo mlangoni chasema 175/70 R13, yaani upana wa milimeta 175, ukuta wa asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 13. Piga hesabu utapata kipenyo cha milimeta 575 hivi. Mjomba alikwisha kuvika tairi za 185/70 R14 ili apite matopeni, nazo kipenyo chake ni milimeta 615. Kila zinapozunguka mara moja zafika mbali zaidi kwa asilimia 7, na mita haijui. Kwa hiyo sehemu ya esansi “iliyopotea” haikupotea kamwe. Ilikwenda safari isiyoandikwa.

Jirani mmoja alisema ni milima ya kwetu inayokunywa mafuta. Ana haki kidogo. Gitega na Muyinga zimekaa mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, na hewa huku ni hafifu kuliko ya pwani kwa sehemu kama moja ya sita. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani hutia petroli nyingi mno huku juu. Lakini Corolla hii haina kabureta. Ina kompyuta ndogo na sensa ipimayo mgandamizo wa hewa iingiayo injinini, nayo hujirekebisha yenyewe. Tena milima haikuota mwaka jana.

Tukafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi, wakati plagi ya injini nzima huwa na rangi ya udongo uliofifia. Ingekuwa moja tu nyeusi, ningetafuta kosa katika silinda ile. Zikiwa zote, basi anayeagiza chakula jikoni ndiye amekosea, yaani kompyuta.

Sasa, Toyota za miaka ile zaweza kuulizwa. Chini ya boneti mna kisanduku chenye kifuniko. Ndani yake mna matundu mawili yaitwayo TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini inavyokonyeza. Yetu ilikonyeza mara mbili, ikatua, ikakonyeza mara moja: 21. Namba hiyo ni ya sensa ya oksijeni, ambayo huonja moshi na kuiambia kompyuta ipunguze au iongeze. Tulichungulia chini. Bomba la moshi lilibadilishwa zamani, likawekwa pana lenye sauti kubwa, na sensa haikurudishwa. Waya wake ulifungwa kwa mpira tu. Tangu siku hiyo kompyuta ilipika bila kuonja.

Nilitazamia pia 22, ya sensa ya joto la maji, kwa maana tulipoteremka kuelekea mto Ruvubu mshale wa joto ulianguka karibu na chini kabisa. Namba hiyo haikuja. Hili lilinipa taabu siku mbili. Halafu nikagusa mpira wa juu wa rejeta asubuhi, injini ikiwa imewashwa sasa hivi. Ilipasa ukae baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto ghafula. Ulipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo. Thamostati haimo! Fundi mmoja aliitoa ili injini isichemke. Sensa ilikuwa ikisema kweli tupu, kwamba maji ni ya baridi, na kompyuta, kama mtumishi mtii, ikamwaga petroli ya kupasha moto injini kutwa nzima. Ndiyo maana haikulalamika.

Gurudumu la nyuma la kushoto nalo lilikuwa moto kuliko wenzake, kwa kuwa kebo ya breki ya mkono imeshika kutu. Tuliipaka mafuta, tukajaza tairi upepo.

Thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 tulipata papa hapa Gitega. Sensa iliyotumika ilitoka kwa mafundi wa Buyenzi, Bujumbura, na mchomeleaji akaitilia kikombe katika bomba.

Tukapima tena njia ile ile, mjomba akiwa kiti cha mbele. Lita 8.9. Nikamwandikia hivi: zilizokuwa zikipungua ni lita 3.4 katika kila kilometa 100 za mita yako. Nusu lita ni tairi zako. Lita 2.2 ni thamostati, sensa na breki. Imebaki 0.7.

“Na hiyo 0.7 ni ya nani?” akauliza.

Kaka, ambaye hakuwa amesema naye tangu wiki iliyopita, akanyosha kidole juu. Pale pana keria ya vyuma aliyoichomelea mjomba mwenyewe kwa ajili ya ndizi, nayo hupigana na upepo hata ikiwa tupu.

Mjomba aliitazama kitambo, akasema keria haitoki, kwa kuwa ndizi zalipa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya boneti, upande aliokuwa amesimama kaka.