Elekezo si amri

Wiki jana hapa Isiolo, mwanafunzi alinionyesha programu yake ya Fortran ya kukadiria mvua. "Mwalimu, mbona hii amri imekataa?" Alikuwa ameandika: !omp parallel do.

Katika Fortran, alama hisi hutanguliza maelezo ya binadamu. Kompaila, yaani mfasiri wa programu, huyaruka. Lakini tangu OpenMP ya Fortran itoke mwaka 1997, mstari unaoanza kwa !$omp humwelekeza mfasiri agawe kazi kwa prosesa kadhaa. OpenMP isipowashwa, mstari uo huo hubaki maelezo tu.

Hata sisi husema hivyo. Babu akitamka "mlango uko wazi", mgeni husikia taarifa. Mjukuu huinuka akaufunga. Katika pragmatiki, hicho ni kitendo-uneni.

Ndiyo maana napendekeza "elekezo" badala ya "amri". Amri hulenga kompyuta. Elekezo humlenga mfasiri. Amri ikikosewa tahajia, mfasiri hulalamika. Elekezo likikosewa alama zake za mwanzo, hunyamaza. Kijana wetu alisahau $ tu, na programu ikajikokota siku nzima bila kuonyesha kosa lolote.