Mionzi Baada ya Kisu

Kwa takriban miaka 80, tangu William Halsted wa Baltimore alipoisimamisha kanuni yake mwishoni mwa karne ya 19, mwanamke aliyepatikana na saratani ya titi hakuwa na hiari ila kuondolewa titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, nao wapasuaji waliifuata kanuni hiyo kwa itikadi zaidi kuliko kwa ithibati.

Miongoni mwa waliothubutu kuitia mashakani ni Umberto Veronesi wa Milan na Bernard Fisher wa Pittsburgh, ambao katika miaka ya 1970, kila mmoja kwa upande wake, waliwagawa kwa kura wanawake ambao maradhi yao yalikuwa bado machanga: hawa waondolewe titi lote, na hawa uvimbe na nyama iliyouzunguka tu. Hesabu ilipofanywa baada ya miaka 20, vifo havikupishana. Lakini katika utafiti wa Fisher lilidhihiri jambo jingine, nalo ndilo muradi wetu: miongoni mwa waliohifadhiwa titi bila kupigwa mionzi, saratani iliwarudia katika titi lile lile 39 katika kila mia, na waliopigwa mionzi 14 tu.

Sababu yake si muhali kuifahamu. Kisu huondoa kinachoonekana. Chembe chache za maradhi huweza kusalia zimefichamana katika nyama nzima, na mionzi huziharibu vinasaba hata zisiweze kuzaana. Chembe za afya nazo hudhurika, ila hujitengeneza upesi zaidi.

Tiba yenyewe haina uchungu. Mgonjwa hulala chali, mkono ameunyanyua juu ya kichwa, na ngozini ametiwa nukta za wino zisizofutika ili kila siku alengwe pale pale. Fundi akatoka chumbani, mashine ikavuma dakika chache, basi. Titi likiwa la kushoto, aghalabu huambiwa avute pumzi na kuizuia, ili moyo ujitenge na njia ya mionzi. Baadaye ngozi huiva na uchovu humwandama. Lakini nywele za kichwani hazinyonyoki kwa tiba hii, wala mwili wake haubaki na mionzi, na anayemkataza kumpakata mwanawe amkataza bure.

Zamani tiba hii ilidumu wiki 5 au zaidi. Majaribio ya Uingereza yakathibitisha kuwa 3 zatosha, na mwaka 2020 yakatolewa matokeo ya siku 5 tu, ambayo baada ya miaka 5 ya uangalizi hayakuwa duni. Kwa anayetoka Mtwara kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, akatafute na pa kulala, tofauti hiyo si ya kitabibu peke yake.

Basi, dada uliyeambiwa kuwa titi lako laweza kuhifadhiwa, kabla hujakubali kupasuliwa muulize daktari mionzi utaipata wapi, lini na kwa siku ngapi. Na jibu lisipopatikana, jua kwamba kuondolewa titi lote si tiba iliyo duni.