Ukaguzi wa Nyumba Kabla ya Mvua za Masika

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua nchini Tanzania, masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Februari ndio wakati mwafaka wa kila kaya kuikagua nyumba yake, kwani kasoro inayorekebishwa kwa saa moja wakati wa jua huweza kugharimu uhai usiku wa mafuriko. Maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, yaliua watu zaidi ya 80. Tope linapofika mlangoni, muda wa kutafuta tochi huwa umekwisha.

Ukaguzi uanzie nje. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari na mifereji izibuliwe. Matawi yanayoelemea paa yakatwe, lakini yaliyogusa nyaya za umeme waachiwe mafundi wa TANESCO. Nyufa mpya ukutani, au mlango unaoanza kukwama ghafla, huweza kuwa dalili kwamba msingi unasogea. Fundi aitwe mapema.

Ndani, kila mtu mzima aijue swichi kuu ya umeme. Izimwe kabla maji hayajaingia, na asiiguse mtu aliyesimama majini. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto: mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuwaua waliolala.

Vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi na kadi za bima vihifadhiwe pamoja katika chombo kisichopenya maji, karibu na tochi na dawa za wagonjwa. Familia ikubaliane pia mahali pa juu pa kukimbilia, na nani atamsaidia mzee, mtoto au mwenye ulemavu.

Mafuriko yakitokea, mtu asivuke maji yaendayo kasi, hata yakionekana ya kina kifupi. Sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima. Kwa kuwa maji ya vyoo huingia visimani na kueneza kipindupindu, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote.

Wananchi wanahimizwa kufuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na kupiga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pale maisha yanapokuwa hatarini. Kinga ni bora kuliko tiba.