Usimshonee mama kwa vipimo vya mwaka jana

Ukipita Shieywe hapa mjini Kakamega jioni, mvua ya alasiri ikiwa imekatika na mabati bado yanadondoka maji, huenda ukasikia cherehani ikinguruma. Usidhani umekaribia kiwanda. Ni mimi tu, mtu wa kazi za ofisi mchana, nimevua viatu na kukanyaga mashine ya miguu iliyo rika langu. Stima ikipotea, nawasha taa na kuendelea.

Swali ambalo majirani hawachoki kuniuliza ni hili: "Ya nini kujisumbua na mitumba imejaa sokoni?"

Swali lenyewe lina uzito. Tangu masharti ya biashara yalegezwe mapema katika miaka ya 1990, nguo za mitumba zimeingia nchini kwa wingi. Viwanda vyetu viliyumba. Kicomi cha Kisumu kilifungwa, na Rivatex cha Eldoret kikaanguka hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka wa 2007. Mitambo mipya ilizinduliwa mwaka wa 2019. Mimi mwenyewe huvaa mitumba, sitakuficha. Tena ukijumlisha bei ya kitambaa, uzi, zipu na bitana, kisha uhesabu usiku uliokesha, utaona kwamba gauni la kushona nyumbani si la bei rahisi hata kidogo.

Basi kwa nini nashona? Koti la mtumba lilikatwa kwa ajili ya mtu wa ng'ambo ambaye hutamjua kamwe, na sasa ni wewe unayelazimika kunyanyua bega ili likukae. Nguo niliyoshona mimi huanza na mtu kusimama mbele yangu, mikono kaitandaza, huku nikimzungushia tepu.

Daftari la vipimo

Nina daftari la shule, lile la kurasa 96, ambamo nimeandika vipimo vya jamaa zangu wote: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Ukitaka kuanza kazi hii, anza na daftari kabla ya kununua cherehani. Kumbuka pia mambo machache ambayo mimi niliyajua baada ya hasara. Kitambaa cha pamba kiloweke na ukianike kabla ya kukikata, kwa sababu kikirudi baada ya kushonwa hutakuwa na la kufanya. Kata ukifuata mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, la sivyo gauni litajipinda mwilini. Kifuani ongeza inchi mbili au tatu ili mwenye nguo apumue, na kila ubavu wa kipande uache nusu inchi ya mshono. Mimi huacha inchi nzima. Utaona sababu yake sasa hivi.

Disemba moja mama yangu alinipa kitenge cha yadi 6 alichonunuliwa Busia na marehemu baba. Alikuwa amekihifadhi sandukuni miaka mingi. Alitaka gauni la kuvaa siku ya kupokea mahari ya kitinda mimba wake, na alitaka lishonwe na mimi, si fundi mwingine.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kanisani na ofisini nilikuwa nimesifiwa hadi kichwa kikavimba. Mama yuko kijijini, mimi niko mjini, na safari niliiona ndefu. Nikafungua daftari, nikasoma vipimo nilivyomchukua mwaka uliotangulia: kifua inchi 44, kiuno 40. Nikatandika kitenge sakafuni, nikakata.

Gauni lilipendeza kwenye hanga. Nilipompelekea alivalie ndani, alitoka akicheka. Mabega yalikuwa yamemshuka, na kiunoni angeweza kumficha mjukuu.

"Umenishonea mimi au jirani?" aliniuliza.

Nikachukua tepu, nikampima upya. Kifua 40. Kiuno 36. Nikapima mara ya pili nikidhani mkono umeteleza. Inchi nne zilikuwa zimekwenda, nami nilikuwa nimekaa naye mezani mara kadhaa mwaka huo bila kuziona, maana alikuwa akijifunga leso juu ya nguo.

"Ni uzee, mwanangu," alisema.

Nikamuuliza taratibu, huku nikibandika pini. Ndipo aliponiambia kwamba siku hizi ana kiu isiyoisha, na usiku hutoka nje mara nne au tano. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwa sababu harusi ilikuwa inakaribia na fedha zilikuwa na kazi nyingine. Asubuhi iliyofuata tulikwenda kupima damu. Ilikuwa kisukari, na sukari ilikuwa imepanda sana.

Gauni likangoja. Alipoanza dawa na kubadilisha chakula, nilifumua mishono yote ya ubavuni na kuipunguza. Nguo kubwa hupunguzwa. Iliyokatwa ndogo ndiyo haina dawa. Ile inchi nzima niliyokuwa nimeacha ndani sikuikata, niliikunja tu. Siku ya mahari mama alipokea wageni akiwa amependeza, na hakuna aliyejua kwamba gauni lile lilikuwa limeshonwa mara mbili.

Tepu haisemi uongo

Tangu siku hiyo sikati kitambaa cha mtu kabla ya kumpima upya, hata kama nilimpima mwezi uliopita. Kila likizo jamaa zangu hupanga foleni sebuleni. Watoto hufurahi wakisikia wamerefuka. Mama husimama wa mwisho, na mimi huandika tarehe kando ya kila tarakimu. Mwaka uliofuata kiuno chake kilirudi inchi 38. Nikafungua zile inchi nilizokunja.

Nawe msomaji, hata kama hujui kutia uzi kwenye sindano, tepu haina gharama kubwa. Ukienda nyumbani likizo hii, mwambie mama asimame kidogo. Mwambie unataka kumshonea gauni. Na ukishampima, litafutie fundi, asije akakuona mwongo.