Usiku wa Taa katika Jumba la Akina Peale

Katika mwezi wa Juni, mwaka 1816, wakazi wa mji wa Baltimore, nchini Marekani, walitangaziwa jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona tangu kuzaliwa. Jumba la maonyesho la mtaa wa Holliday lingefunguliwa usiku, nalo lingemulikwa kwa taa zisizohitaji mafuta, utambi wala mshumaa, na zisizotoa moshi. Wakati ule jua likizama picha zilikuwa hazina mtazamaji. Mchoraji alifunga mlango wake kama mwenye duka, kwani mshumaa humwonyesha mtu pua ya picha ukamficha macho yake. Usiku huo gesi ilipitishwa katika mabomba, ikawashwa, na nyuso zilizochorwa ukutani zikaonekana zote kwa pamoja.

Mwenye jumba alikuwa Rembrandt Peale, mwana wa mchoraji, mpwa wa mchoraji na ndugu wa wachoraji. Alilifungua mara ya kwanza mwezi wa Agosti, mwaka 1814. Hazikupita hata wiki tano, manowari za Waingereza zikaishambulia ngome ya McHenry inayolinda bandari ya mji huo, zikaipiga kwa mizinga muda wa saa 25 hivi. Ngome haikuanguka, na jumba likasalimika. Lakini watu waliotoka vitani hawana haraka ya kwenda kutazama picha, na madeni ya ujenzi yalikuwa yakimkaba Rembrandt. Taa zile, basi, hazikuwa pambo tu. Zilikuwa jaribio la mtu anayezama.

Ili kuielewa familia hii yatupasa kurudi nyuma miaka 40, kwa baba yao, Charles Willson Peale. Nafikiri msomaji aliyevaa sare atamfahamu upesi kuliko raia. Alizaliwa mwaka 1741, akafundishwa kazi ya kushona matandiko ya farasi, kisha akaiacha akashika brashi na kwenda London kujifunza uchoraji. Vita vya Wamarekani vya kuuondoa utawala wa Uingereza vilipopamba moto, mwaka 1776, alijiunga na wanamgambo wa Philadelphia akiwa askari wa kawaida, na wenzake wakampandisha kuwa ofisa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo jeshi la George Washington lilirudi nyuma likauvuka mto Delaware likiwa taabani. Peale alisimama akiwatazama askari wakipita. Akapita mmoja asiye na nguo ila koti kuukuu la blanketi lililojaa uchafu, ndevu zimemea, uso umejaa vidonda. Peale hakumtambua hata alipomsemesha. Mtu yule alikuwa James, ndugu yake wa tumbo moja, ambaye naye alikuwa mchoraji.

Wiki chache baadaye, Januari 1777, Peale alipigana katika mapambano ya Princeton. Watu wake walipokuwa wakitembea miguu mitupu juu ya ardhi iliyoganda, alitafuta ngozi mbichi akawashonea viatu kwa mikono yake mwenyewe, na chakula chao akawapikia. Ufundi wa matandiko aliokuwa ameuacha ukawafaa askari wake kuliko upanga wake. Wako makamanda wanaokumbukwa kwa ushindi mkubwa ambao hawakupata kumshonea mtu kiatu. Katika majira ya baridi yaliyofuata, kambini Valley Forge, alitoa rangi zake akachora picha ndogo ndogo za maofisa wenzake, picha za kutosha kiganjani, wapate kuwapelekea wake zao.

Vita vilipokwisha alifungua jumba la makumbusho huko Philadelphia, na watoto wake akawapa majina ya mabingwa wa kale: Raphaelle, Rembrandt, Rubens, Titian. Alizaa watoto 17, ingawa baadhi yao walifariki wangali wadogo. Mwaka 1795 familia ilishiriki katika maonyesho makubwa ya picha mjini humo. Hapo mzee alitundika picha ya wanawe wawili wakipanda ngazi, akaizungushia fremu ya mlango wa kweli na kuweka kidato cha mbao chini yake. Rembrandt alisimulia baadaye kwamba Rais Washington alipita mbele yake akawainamia kichwa vijana wale, akidhani ni watu hai. Mwaka huo huo Rais alipokuja kuketi achorwe na Rembrandt, ambaye alikuwa na umri wa miaka 17 na mkono ukimtetemeka, baba aliketi kando akichora na kumzungumzisha mgeni. James na Raphaelle nao wakaleta vifaa vyao. Mchoraji mmoja mpinzani wao alifanya mzaha, akasema Rais amezingirwa.

Hata hivyo, katika nyumba hiyo alikuwamo mtu mmoja aliyelelewa pamoja na watoto hao ambaye hakufundishwa kuchora. Jina lake Moses Williams, mtu mweusi. Wazazi wake walikuwa watumwa, na Peale alikuwa amewapokea kama malipo ya kazi yake ya picha. Wazazi waliachwa huru mwaka 1786, lakini kwa sheria ya Pennsylvania kijana alipaswa kutumika hadi afikie umri wa miaka 28. Wana wa Peale walipewa rangi na turubai. Moses alifundishwa kukausha ndege na wanyama wa makumbusho, kisha akapewa mashine ya kufuatisha kivuli cha uso wa mtu juu ya karatasi, na mkasi wa kukikata.

Mwaka 1802 Peale alimpa uhuru wake, mwaka mmoja kabla ya muda uliowekwa na sheria. Moses hakuondoka. Aliketi katika jumba lile na mkasi wake, akitoza senti 8 kwa picha, na katika mwaka 1803 peke yake picha zaidi ya 8,000 zilipita mikononi mwake. Kwa fedha hizo alinunua nyumba ya matofali ya ghorofa mbili, akamwoa mpishi mzungu wa akina Peale, mwanamke ambaye hapo awali hakukubali kula naye meza moja. Karatasi alizozikata zilipigwa mhuri wa makumbusho. Jina lake halikuandikwa.

Taa za Baltimore ziliwavutia watu hata ikaundwa, katika Juni ile ile, kampuni ya kwanza ya taa za gesi nchini Marekani, na Februari 1817 taa ya kwanza ikawashwa barabarani. Rembrandt mwenyewe hakuokoka na madeni. Mwaka 1822 alimwachia nduguye Rubens jumba lile, na mwaka 1830 likawa ofisi ya baraza la mji. Mwaka 1878 likageuzwa kuwa shule ya watoto weusi, na tangu mwaka 2022 limefunguliwa tena kuwa makumbusho ya watu wa mji huo.

Philadelphia nako, katika maktaba moja ya kale, imehifadhiwa picha ya kivuli cha mtu mweusi, imeandikwa kwamba huyu ni Moses Williams, mkataji wa picha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kazi ya Raphaelle Peale. Siku hizi wako wataalamu wanaosema kwamba aliyeikata ni Moses mwenyewe.