Gari Kuukuu la Mbulumbulu na Ugomvi wa Metali Mbili

Nyuma ya nyumba nyingi za vijijini huonekana mabaki ya gari lililokwisha kusahauliwa. Kuku hutagia kwenye kiti cha dereva, na watoto huliendesha safari ndefu pasipo kutoka mahali pake. Mwalimu wa kemia apitaye hapo na wanafunzi wake yafaa asimame, kwani mbele yake ipo maabara ambayo jua, mvua na wakati vimekwisha kuiandalia majaribio.

Gari ninalotaka kulieleza katika makala haya nililinunua mwaka 2016 nyumbani kwetu Mbulumbulu. Msomaji asiyepajua mahali hapo na aelewe kwamba Mbulumbulu iko kaskazini mashariki ya mji wa Karatu, kati ya msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro na ukingo wa Bonde la Ufa ambao chini yake hulala Ziwa Manyara. Udongo ni mwekundu na wenye rutuba, mazao ni ngano, mahindi na maharage, na masika yanapoanza njia huwa tope tupu. Land Rover kwa watu wa huko haikuwa pambo la tajiri. Ilibeba mbegu, wagonjwa, ndama na maharusi.

Gari langu lilikuwa Land Rover Series IIA ya mwaka 1970. Lilikuwa limesimama chini ya mgrevilea kwa miaka mingi, nalo lilipungukiwa na boneti, madigadi ya kushoto, mlango wa kushoto na paa lote. Sakafu ya nyuma ilikuwa na matundu kama chujio. Wenye gari walisema vipande hivyo "vilichukuliwa", wala hawakutaka kueleza zaidi.

Jambo moja lilinishangaza. Chasisi ilikuwepo. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva ulikuwepo, ingawa umekula kutu miguuni. Hata bolti nyingi zilikuwepo. Kila kilichotoweka kilikuwa cha alumini. Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kuwatazama mafundi wetu wanaosubu sufuria na miko: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, joto ambalo tanuri la mkaa lenye kipulizio huweza kulifikia, chuma huhitaji nyuzi zinazokaribia 1,500. Mwizi wa Mbulumbulu, awe alisoma au hakusoma, alifuata jedwali la viwango vya kuyeyuka.

Kwa nini gari la alumini?

Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu kabla yake, na Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo. Alumini, kwa upande mwingine, ilipatikana, kwa kuwa viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za kivita havikuihitaji tena kwa wingi ule. Ndipo wahandisi wa kampuni ya Rover walipounda chasisi na ukuta wa mbele kwa chuma, lakini mwili wa gari wakauvika mabati ya Birmabright, yaani aloi ya alumini na kiasi kidogo cha magnesi. Uamuzi uliotokana na dhiki ukageuka kuwa sifa ya gari kwa miongo mingi.

Faida yake ni rahisi kukokotoa. Bati la alumini lenye eneo la meta moja ya mraba na unene wa milimeta moja lina uzito wa kilo 2.7, bati la chuma la vipimo hivyo hivyo lina kilo 7.8 hivi. Tena alumini inapokutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksidi ambao huikinga isiendelee kuliwa. Kutu ya chuma haina fadhila hiyo: humomonyoka na kuacha chuma kipya wazi.

Utando huo una adui wake. Asidi kali huutoboa, na alkali vilevile. Gari langu, kama nilivyokuja kuambiwa na wazee, lilikuwa likibeba magadi ya kulambisha ng'ombe, magadi ambayo hutokana na maji ya maziwa ya Bonde la Ufa. Magadi ni alkali. Yakilowa huyeyusha utando wa oksidi, kisha alumini yenyewe hushambuliwa na kutoa haidrojeni. Mama yeyote aliyechemsha maharage kwa magadi katika sufuria ya alumini ameuona weusi unaobaki ndani yake. Sakafu ya gari langu ilipata taabu ile ile, tofauti ikiwa ni kwamba sufuria huoshwa kila siku.

Kosa langu

Sasa sina budi kukiri jambo ambalo wanafunzi wangu wa Chuo Kikuu wamelicheka vya kutosha. Nilisomea elimu ya metali ng'ambo hadi shahada ya udaktari. Lakini nilipotaka gari litembee kabla ya masika, nilikubali njia ya mkato. Breki, usukani na chasisi vilitengenezwa vizuri. Kwa hayo sikufanya mzaha. Madigadi ya kushoto nilikata mwenyewe kwa bati la chuma, kwa kuwa lilikuwa karibu na bei yake ndogo, nikaifunga kwenye mabaki ya mwili wa gari kwa ribiti za alumini. Nikapaka rangi ya kijani. Ilipendeza.

Miaka mitatu baadaye, jioni moja ya mwezi Aprili, nilikuwa nikimpeleka shangazi yangu hospitalini Karatu. Tulipokuwa tukiteremka kwenye kilima chenye tope, madigadi ile iliachia kwa mbele, ikalalia gurudumu. Usukani ukawa mzito ghafula. Taa ya kushoto ilikuwa ikining'inia kwa nyaya zake. Gari lilisimama ubavuni mwa mtaro, nasi tukatoka salama. Shangazi akaniuliza kwa upole kama shule zile ndefu hazikufundisha kufunga bati.

Ribiti zilikuwa zimegeuka unga mweupe.

Kilichotokea ni hiki. Metali mbili tofauti zikigusana, na kati yao pakawa na maji yenye chumvi, huwa zimekuwa betri. Metali iliyo nyepesi zaidi kutoa elektroni huzitoa na kuliwa. Mwenziwe hukaa salama kwa gharama ya yule. Alessandro Volta alitumia jambo hilo hilo mwaka 1800 alipopanga vipande vya zinki na fedha na kati yao kuweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Alumini ni nyepesi kutoa elektroni kuliko chuma. Tope la Mbulumbulu lililochanganyika na mabaki ya magadi lilikuwa kitambaa kilicholowa.

Hata hivyo, ubaya haukuwa kugusana peke yake. Land Rover yenyewe ilitoka kiwandani ikiwa na chuma na alumini pamoja, na nyingi zimedumu zaidi ya nusu karne. Ubaya mkubwa ulikuwa katika ulinganifu wa maeneo. Bolti ndogo ya chuma katikati ya bati kubwa la alumini huleta madhara madogo, kwani hasara husambaa katika eneo kubwa. Mimi nilifanya kinyume: bati kubwa la chuma, na ribiti ndogo za alumini. Mkondo wote uliokusanywa na bati lile ulilipwa na vichwa vya ribiti visivyozidi upana wa punje ya hindi. Nazo ndizo zilizokuwa zimebeba uzito wote, ambao kwa sababu ya chuma ulikuwa karibu mara tatu ya uzito uliokusudiwa na waundaji.

Si mimi wa kwanza kuanguka katika shimo hilo. Mwaka 1761 Waingereza waliivika meli yao ya kivita iitwayo Alarm mabati ya shaba chini ya maji, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Baada ya miaka kama miwili katika bahari ya joto ya Karibi, mabati yalikutwa yakibanduka, kwa sababu misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imeliwa. Mahali pachache misumari ilikuwa mizima. Wakaguzi walipochunguza waliona kwamba hapo karatasi ya hudhurungi iliyofungia mabati haikubanduliwa, nayo ikakaa kati ya shaba na chuma. Elimu ya umeme wa metali ilikuwa haijazaliwa bado, lakini karatasi ilikwisha kufanya kazi yake. (Waunda mitepe wa pwani yetu, walioshona mbao zao kwa kamba za nazi, hawakuwa na msumari wa kuliwa.)

Mara ya pili

Nilimwendea fundi mmoja mzee wa Karatu ambaye ameunda mabodi ya magari tangu ujana wake. Alitazama kazi yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, gari hili umelivika nguo ya mtu mwingine."

Tulipata mabati ya alumini kutoka ubavu wa basi la zamani. Kuyahakikisha ni kazi ndogo: sumaku haiyashiki, na uzito wake hutambulika mkononi. Tabu ilikuwa katika kuyakunja. Alumini igongwayo kwa nyundo huwa ngumu kadiri inavyogongwa, na mwisho hupasuka, kwa sababu mpangilio wa chembe zake huvurugika hata zisiweze kuteleza tena. Dawa yake ni kuipasha moto hadi karibu nyuzi 350 au 400, ili fuwele mpya zisizo na mvurugiko ziote. Lakini chuma kikipata moto hubadilika rangi na kukuonya, alumini haionyi. Huonekana ile ile mpaka inapotoboka. Mimi, niliyechora mchoro wa jambo hilo ubaoni mara nyingi, nilitoboa bati la kwanza.

Fundi alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua juu ya bati, kisha akapitisha moto wa gesi polepole upande wa chini. Sabuni ilipogeuka nyeusi aliondoa moto mara moja. Bati lilipopoa likakunjika kama ngozi iliyolainishwa. Sabuni huungua katika kiwango cha joto kinachohitajika. Kipimajoto chake kinauzwa dukani kwa mche.

Madigadi na mlango vilipokamilika tulivifunga kwa bolti za chuma zilizopakwa zinki. Zinki na alumini yenye utando wake hukaribiana sana katika tabia ya kutoa elektroni, hivyo ugomvi wao ni mdogo. Hata kiwanda kilitumia vipande vya chuma chenye zinki kwenye kingo za mwili wa Land Rover. Kila mahali alumini ilipokutana na chuma kitupu tulipaka rangi ya msingi pande zote mbili, tukaweka katikati plastiki iliyokatwa kutoka dumu la mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo karatasi ya Alarm.

Walimu wanaweza kuyaonyesha haya bila gari. Chukueni misumari mitatu iliyosuguliwa kwa msasa. Mmoja uachwe mtupu, wa pili uzungushiwe waya wa shaba, wa tatu ufungwe kwa ukanda wa zinki uliosafishwa, utokao katika ganda la betri kavu iliyokwisha. Kila mmoja uwekwe katika chupa yake yenye nusu lita ya maji na kijiko cha chumvi. Katika wiki moja wanafunzi wataona ni msumari upi uliokula kutu kwa haraka, na upi uliolindwa na jirani yake.

Boneti ya asili niliipata baadaye, kwa bahati, katika boma la mama mmoja karibu na Kambi ya Simba. Ilikuwa imegeuzwa chali, ndama wakinywea maji ndani yake, nayo haikuwa na doa la kutu. Niliomba kuinunua. "Mwanangu," akanijibu, "nitakupa siku utakayoniletea nyingine isiyooza." Gari langu linatembea mpaka leo kwa boneti iliyotokana na ubavu wa basi.