Lamu: Barabara kuu isiyopitisha gari

Ukifika mji wa kale wa Lamu, Kenya, ukaulizia barabara kuu, utaonyeshwa kichochoro. Wenyeji wanakiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji kwa Kiamu. Jina lake la siku hizi ni Harambee Avenue.

Wanaopita hapa ni watu, punda na mikokoteni.

Zamani bahari ilikuwa jirani

Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa karibu kabisa na maji. Baadaye katika karne hiyo ufukwe ukajazwa, nyumba zikajengwa mbele, na njia ikabaki ndani. Ngome yenyewe ilikuwa jela hadi 1984. Leo ni makumbusho.

Mbona nyembamba hivyo?

Kwa mtu wa Tukuyu aliyezoea baridi na mvua, jua la pwani ni habari nyingine. Nyumba za mawe ya matumbawe zikisogeleana, zinatiliana kivuli. Nyingi za zamani zina daka mlangoni, kibaraza cha kupokelea mgeni bila kumwingiza ndani.

Tatizo liko wapi?

UNESCO iliutambua mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini pikipiki ikiingia vichochoroni, mtoto au mzee hana pembeni pa kukwepea. Moto ukizuka, gari la zimamoto halifiki mlangoni.

Kupanua njia? Hapo itabidi kubomoa nyumba zilezile zinazolindwa.